Unyanyembe, Uganda na amri ya kufuta

Ukiifungua programu inayoitwa Vim bila kuitajia faili lolote, kabla hujaandika hata herufi moja utaona mistari michache katikati ya skrini: jina la programu, toleo lake, na mara nyingi ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Andika “:help uganda”, bonyeza Enter, na utapelekwa kwenye maelezo ya mji mdogo wa Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa hamjawahi kuigusa Vim. Ni programu ya kuhariri maandishi, na wanaoitumia ni mafundi wa kompyuta kuliko watu wa riwaya na mashairi. Mimi nimeingia huko kwa mlango wa fasihi. Nakaa Tabora, na kwa muda sasa nachapa upya, jioni jioni, maandishi ya Kiswahili yaliyotoka kwenye njia ya misafara: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na zile safari alizozikusanya Carl Velten na kuzitoa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Hakuna aliyenituma. Nataka tu niwe nayo katika tahajia ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne ataisoma bila kukwama. Na kazi ya namna hii ukiifanya kwa kubofya kipanya, utazeeka hujafika hata Ugogo.

Kwanza nimalize habari ya Uganda. Aliyeitengeneza Vim ni Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyetoa toleo la kwanza mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale akafanya kazi huko mwaka mzima kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira, wakati Rakai ikiwa moja ya sehemu zilizopigwa vibaya mno na UKIMWI. Aliporudi kwao hakuiuza programu yake. Aliitoa bure, akaomba kwamba anayeridhika nayo achangie watoto wa Kibaale, na michango ikawa inapitia shirika la ICCF Holland. Moolenaar alifariki Agosti 2023.

Sasa chukua ramani ya karne ya 19. Njia kuu ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, kisha ikaenda Ujiji. Lakini hapa Tabora ilichipuka pia njia ya kaskazini, ya Karagwe, ikavuka mto Kagera na kuingia Buganda kupitia Buddu. Ndiyo waliyoifuata Speke na Grant mwaka 1861 na 1862. Rakai iko upande huo huo. Kwa hiyo ile programu ninayoitumia kuchapa habari za misafara inabeba tumboni mwake jina la mahali palipo kwenye tawi la njia ileile. Sisemi kwamba kuna maana kubwa hapo, ila nilipoligundua nilicheka peke yangu.

Jambo linalomkera mgeni wa Vim ni kwamba amri zake ni herufi tupu. “dd” inafuta mstari mzima. “yy” inaunakili, “p” inaubandika. “u” inatengua ulichofanya. Nukta inarudia tendo la mwisho. Kwenda kushoto ni “h”, chini “j”, juu “k”, kulia “l”. Mtu anauliza, kwa nini ukali huu wote? Jibu liko kwenye historia. Mwaka 1969 Ken Thompson wa Bell Labs aliandika programu iliyoitwa “ed”, na wakati huo kompyuta ilikujibu kwa kupiga chapa kwenye karatasi, herufi moja moja, kwa kelele. Ukiwa na mashine ya namna hiyo huandiki amri ndefu. Mwaka 1976 Bill Joy, kule Berkeley, akaandika “vi”, ambayo ndiyo mama yake Vim. Alikuwa akifanya kazi kutoka nyumbani kwa modemu ya baud 300, kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ina nafasi 1,920, kwa hiyo kuijaza yote kulichukua zaidi ya dakika moja. Ukikosea ukaichora upya, dakika nyingine hiyo. Zile h, j, k, l nazo zilitokana na kibodi ya ADM-3A aliyokuwa nayo, ambayo ilichorwa mishale juu ya herufi hizo hizo.

Mtu wa Unyanyembe hahitaji kufafanuliwa hesabu ya aina hii. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, na kila kitu kilichoingia kwenye mzigo kilikuwa kimesukuma kingine nje. Barua nazo zilikwenda kwa mwendo wa miguu. Stanley alipofika hapa mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za Livingstone umekaa Unyanyembe, juu yake imeandikwa tarehe 1 Novemba 1870, na kwa hesabu yake ulifika mikononi mwa mwenyewe Ujiji baada ya mwaka mzima tangu utoke Unguja. Baud 300 ni anasa.

Cut, copy na paste, ambazo sisi tunaziita kata, nakili na bandika, zina ukoo mwingine. Larry Tesler na Tim Mott walizifanyia kazi kwenye programu ya Gypsy katika maabara ya Xerox huko California katikati ya miaka ya 1970. Macintosh ya 1984 ikaja nazo kwenye vitufe vya X, C na V, na Z ya kutengua ikiwa jirani yake. Hizi ndizo ambazo kila karani wa stesheneri anazijua kwa vidole hata kama hajui kuzieleza.

Kiswahili hakikuwamo akilini mwa watu hawa, na hilo unaligundua siku ya kwanza tu. Kwenye Vim “w” inakurusha neno moja mbele. Ikifika kwenye “ng'ombe” inasimama mara tatu: ng, halafu alama ya ritifaa, halafu ombe. Kwa mashine hiyo ng'ombe ni vipande vitatu, kama yuko buchani. Dawa ni kuandika “:set iskeyword+=39”, kuiambia kwamba ritifaa ni sehemu ya neno, na hapo ng'ombe anatembea mzima.

Ngeli hazina dawa. Kwa Kiingereza ukitaka kugeuza mzigo mmoja kuwa mingi, aghalabu unabadilisha neno moja au mawili. Kwetu “mzigo mkubwa ulianguka” unakuwa “mizigo mikubwa ilianguka”: maneno matatu, yote matatu yameguswa kichwani. Hakuna amri ya kubadilisha inayojua kwamba kilichoanza kwenye nomino lazima kiende mpaka kwenye kitenzi, na pengine mpaka sentensi ya tatu baadaye. Hapo unarudi kwenye macho yako.

Lakini tahajia, eh, hapo mashine inatisha. Waandishi wa enzi ya Wajerumani waliandika Suaheli. Andika “:%s/suaheli/swahili/g” na Wasuaheli, Msuaheli, Kisuaheli, wote katika kitabu kizima, wamekuwa Waswahili kabla hujashusha kidole. Kazi ya siku mbili imekwisha kwa mstari mmoja. Na usipoangalia, hakuna mahali popote kwenye ukurasa panapoonyesha kwamba kulikuwa na kitu kingine.

Hili la kutobaki alama ndilo lililonirudisha Kwihara, kilomita chache kutoka hapa mjini, lilipo tembe la Livingstone. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti la zamani, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa wino wa rangi ya mmea, akikatisha mistari iliyochapwa. Ndani yake mna habari ya tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa kundi la mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki sokoni Nyangwe na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula, wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni.

Baadaye aliyanakili mambo yale, kwa mkono safi, katika daftari kubwa. Daftari hilo Stanley aliondoka nalo hapa likiwa limefungwa kwa lakiri, Machi 1872, na watafiti leo wanaliita Shajara ya Unyanyembe. Ndilo lililomfaa Horace Waller alipotoa kitabu cha shajara za mwisho mwaka 1874, na ulimwengu ukaisoma Nyangwe kwa maneno ya nakala safi.

Karatasi za gazeti zilibaki, wino umepauka, hazisomeki. Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ikachapisha mtandaoni picha zake, zilizopigwa kwa mianga ya aina nyingi, kisha kompyuta ikazififisha herufi za gazeti na kuuacha mwandiko. Walipolinganisha, waliona kwamba nakala safi si nakala tu. Habari kadhaa za watu waliokuwa wakimtumikia Livingstone mwenyewe, na ukali wao, zilikuwa zimepunguzwa au kuondolewa, kiasi cha kuibua swali la wapi walikuwa siku ile ya soko. Kalamu yake haikuhitaji “dd”. Alilolitaka liondoke aliliruka tu katika kunakili.

Ninachokipenda katika kazi ya timu ile ni kwamba katika faili zao neno lililofutwa halifutwi. Linazungushiwa alama inayosema hapa mwandishi alikata, na pale aliongeza. Unaweza kulisoma pamoja na mkato wake.

Maandishi ya Tippu Tip nayo yamekwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kufika kwangu. Yeye aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode ndiye aliyeyaweka katika herufi za Kirumi na kuyatoa Berlin mwaka 1902 na 1903. Katika hati ile “o” na “u” huchangia alama moja, “e” na “i” vilevile. Kila irabu tunayoisoma leo ni uamuzi. Angalau mwenyewe alikuwa bado hai Unguja, maana alifariki 1905.

Basi nafanya hivi. Faili la kwanza, lenye tahajia ya kale, nalifunga lisiandikike. Nafanya kazi kwenye la pili, na mwisho wa amri ya kubadilisha naongeza herufi moja, “c”, ambayo inamlazimisha Vim aniulize kila anapokuta neno: nibadilishe au niache? Ni polepole, yaani nusu ya ule muda niliouokoa naurudisha. Nabonyeza y, y, y. Nikifika kwenye jina la kitabu cha Velten, Safari za Wasuaheli, nabonyeza n.