Daraja la ubongo: ukiambiwa sehemu hii haikukua kwa mtoto wako

Umetoka hospitali na karatasi mkononi. Imeandikwa kwa Kifaransa, na katikati kuna maneno haya: «agénésie du corps calleux». Foleni ilikuwa ndefu, daktari alieleza kwa haraka, na ulipofika nyumbani jirani wakakuuliza mtoto ana nini. Makala hii ni kwa ajili yako, uwe mkimbizi au mwenyeji wa Kamenge, Kinama au kwingineko mjini Bujumbura. Inaeleza maneno hayo yana maana gani, na hatua gani zinamsaidia mtoto kweli.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: karatasi hiyo inaeleza picha ya ubongo. Haisemi mtoto wako atakuwa mtu wa namna gani.

Daraja hili ni nini?

Ubongo una pande mbili, wa kulia na wa kushoto. Katikati yake kuna fungu nene la nyuzi linaloziunganisha. Madaktari wanaliita korpusi kalosumu, au «corps calleux» kwa Kifaransa. Sisi tutaliita daraja la ubongo. Kwa mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 10, na nyuzi zinazopita ndani yake zinakadiriwa kufika milioni 200.

Kupitia daraja hilo upande mmja unapata habari za upande wa pili. Mtoto anapofunga kamba za viatu, mkono wa kulia unahitaji kujua wa kushoto unafanya nini. Habari hizo hupita darajani kwa muda mfupi sana.

Linajengwa lini?

Daraja hujengwa mtoto akiwa bado tumboni. Nyuzi za kwanza huvuka kati ya pande mbili karibu na wiki ya 12 ya mimba. Kufikia wiki ya 20, umbo lake lote huwa limeonekana. Baada ya kuzaliwa daraja huendelea kunenepa na kupitisha habari kwa kasi zaidi, mpaka umri wa ujana.

Nyuzi zikishindwa kuvuka katika wiki hizo za mwanzo, hazitavuka baadaye. Hakuna dawa, sindano, chakula wala upasuaji unaoweza kuotesha daraja jipya. Mtu akikuuzia dawa ya kuliotesha, fedha yako itapotea.

Kwa nini halikukua?

Hali hii si ya kawaida, lakini si ya ajabu pia. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja katika kila watoto 4,000 wanaozaliwa. Inatokea katika nchi zote, kwa matajiri na kwa maskini.

Mara nyingi chanzo ni badiliko katika chembe za urithi, na mara nyingi badiliko hilo hutokea kwa mtoto peke yake bila wazazi kuwa nalo. Wakati mwingine ni maambukizi yaliyompata mama akiwa mjamzito. Pombe wakati wa mimba nayo inaweza kuharibu ujenzi wa daraja, na hapo hakuna tofauti kati ya bia ya chupa na urwarwa wa nyumbani. Kwa familia nyingi chanzo hakijulikani kabisa.

Hali hii haitokani na laana, uchawi, wala dhambi ya mama. Haitokani na hofu ya vita wala na safari ya kukimbia. Wala haiambukizi: watoto wengine wanaweza kula naye, kulala naye na kucheza naye.

Kusoma maneno ya karatasi

- «Agénésie complète»: daraja lote halipo.
- «Agénésie partielle»: sehemu moja ipo, nyingine haipo.
- «Hypoplasie»: daraja lipo lote, lakini ni jembamba kuliko kawaida.
- «Dysgénésie»: daraja lipo, lakini umbo lake si la kawaida.
- «Isolée»: daktari hakuona kasoro nyingine katika ubongo. Neno hili ni habari njema kiasi.

Daraja linaweza pia kuwa jembamba kwa sababu ya madhara yaliyokuja baadaye, kwa mfano mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa au aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Hiyo ni tofauti na daraja ambalo halikujengwa tangu mwanzo. Muulize daktari: «Je, halikukua, au liliumia?»

Mtoto ataonyesha dalili gani?

Hapa ndipo watoto wanatofautiana sana. Mtoto ambaye tatizo lake ni daraja tu anaweza kutembea, kusema na kusoma kama wenzake, na wapo watu wazima waliogundua hali yao kwa bahati, walipopigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine. Mtoto mwenye kasoro nyingine za ubongo pamoja na hiyo huwa na matatizo makubwa zaidi.

Angalia dalili hizi:

- Kunyonya au kumeza kwa shida katika miezi ya kwanza.
- Kuchelewa kukaa, kutembea au kusema.
- Degedege lisilo na homa, au kifafa, ambacho kwa Kirundi huitwa intandara.
- Mikono miwili kushindwa kufanya kazi pamoja.
- Kwa mtoto mkubwa: kutoelewa utani, kuamini kila anachoambiwa, au kushindwa kusoma uso wa mtu aliyekasirika.

Dalili ya mwisho huleta viboko vingi nyumbani na shuleni, kwa sababu watu hudhani mtoto ni mkaidi. Si ukaidi. Habari zinachelewa kukutana katika ubongo wake.

Mfano unaojulikana duniani ni Kim Peek wa Marekani, aliyeishi kuanzia 1951 hadi 2009. Alizaliwa bila daraja hili. Aliweza kukumbuka maelfu ya vitabu alivyosoma, lakini alimtegemea baba yake katika mambo ya kila siku. Kwake kulikuwa pia na kasoro nyingine za ubongo, kwa hiyo usitegemee mtoto wako awe kama yeye. Mfano huu unaonyesha tu kwamba picha ya ubongo haitoshi kusema mtu ataweza nini.

Je, ni maji kichwani?

Daraja lisipokuwepo, vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo mara nyingi huonekana vipana kwa nyuma. Karatasi inaweza kusema «ventricules dilatés», na familia ikaogopa kwamba mtoto ana maji kichwani na anahitaji upasuaji. Si lazima iwe hivyo. Vyumba vipana bila msukumo havihitaji kufunguliwa.

Kinachotofautisha ni kichwa chenyewe. Omba kituo cha afya kipime mzunguko wa kichwa kila mwezi na kuandika namba kwenye kitabu cha mtoto. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona kichwa kinakua haraka, utosi umevimba na kuwa mgumu, mtoto anatapika mara kwa mara, au macho yanaangalia chini muda wote.

Matibabu yanayosaidia

Kabla ya kuuza kitu au kukopa ili ulipie picha nyingine, muulize daktari swali moja: «Picha hii itabadilisha matibabu gani?» Kwa mtoto mchanga, utosi ukiwa bado wazi, ekografi ya kichwa inaweza kuonyesha mengi. Skana na IRM huonyesha zaidi, lakini gharama yake ni kubwa, na wakati mwingine jibu halibadilishi lolote.

Kinachobadilisha maisha ya mtoto ni mambo matatu. La kwanza ni kutibu kifafa. Dawa hutolewa kila siku, kwa saa ile ile, na haziachwi ghafla hata kama mtoto amekaa miezi bila kuanguka. La pili ni mazoezi: kukalisha, kusimamisha, kushika kitu kwa mikono miwili, kuimba na kuongea naye. Mhudumu wa mazoezi akikuonyesha mara moja, unaweza kuendelea nyumbani kwa mkeka na kopo tupu. La tatu ni lishe. Mtoto anayemeza kwa shida alishwe akiwa amekaa wima, polepole, chakula laini.

Degedege likimshika

Mlaze kwa ubavu na uondoe vitu vigumu karibu naye. Usimfunge, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, na usimpe kitu cha kunywa. Angalia saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali mara moja.

Wapi pa kwenda

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Tangu 2006, serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa mama wanaojifungua, katika vituo vya umma. Uliza mapema ni huduma zipi zinahusika na wewe, na beba kadi yako au cheti cha mkimbizi.

Kamenge ina hospitali ya chuo kikuu, CHUK, ambayo wengi wanaiita Roi Khaled. Ina pia kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, CNPK, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Waliotoka Bukavu wanajua Sosame, ambayo ni ya shirika hilo hilo. Wapo wanaoogopa kuonekana kwenye mlango wa kituo kama hicho wakidhani ni cha «wazimu» tu. Hapo hutibiwa pia kifafa, na kifafa si wazimu.

Unapokwenda, beba karatasi zote za zamani, dawa anazotumia mtoto, na daftari uliloandika siku alizoanguka na muda uliopita. Kama jirani ana simu inayopiga video, mwombe arekodi degedege. Video ya dakika moja humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Ukiwa na mimba, nenda kliniki mapema na uache pombe kabisa. Kama unatumia dawa ya kifafa, mwambie mhudumu siku ya kwanza: baadhi ya dawa hizo, hasa valproate, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Usiache dawa mwenyewe; daktari ndiye atakayeibadilisha.

Na mtoto akifika umri wa shule, mpeleke. Mweleze mwalimu kwa maneno rahisi: anaelewa, lakini mpe muda, mwambie jambo moja kwa wakati mmoja, na usimchape anapochelewa kujibu.