Historia Iliyomo Kwenye Kingpini

Historia ya Volkswagen Beetle husimuliwa kwa tarehe na idadi. Jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa Mei 1938, Hitler mwenyewe akiwapo. Wakati wa vita watu wengi walilazimishwa kufanya kazi humo. Mwaka 1945 kiwanda kikaangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza, na Meja Ivan Hirst akasimamia kuanza tena kwa uzalishaji. Mwaka 1955 likatoka gari la milioni moja. Mwaka 1972 Beetle likaipita Ford Model T kwa idadi. Na Julai 2003 la mwisho likatoka Puebla, Mexico, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Sisi wa Afrika Mashariki huongeza mstari wetu mmoja: Volkswagen ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na hayo yote niliyajua kabla sijaingia gereji. Hakuna hata moja lililonieleza kwa nini gari la marehemu babu, la mwaka 1963, linatetemeka usukani likifika kilomita 60 kwa saa. Baba alikuwa tayari kuliuza kama chuma chakavu. Niliomba mwezi mmoja, na katika mwezi huo nikajifunza historia nyingine, ya kiungo kimoja tu cha gari hilo.

Mbele ya Beetle hakuna springi za kuzunguka kama za magari mengi. Kuna mirija miwili ya chuma iliyolala kutoka upande mmoja hadi wa pili, mmoja juu ya mwenzake. Ndani ya kila mrija limepita bunda la vyuma bapa vyembamba, vimebanwa katikati visizunguke. Kwenye ncha zake kuna mikono inayoelekea nyuma, na mikono hiyo ndiyo inayobeba gurudumu. Gurudumu likipanda tuta, mkono hunyanyuka na vyuma hujisokota. Vikijisokotoa, gurudumu hurudi chini. Ofisi ya Ferdinand Porsche iliomba hataza ya springi za kusokota mwaka 1931. Kwa barabara za vumbi mpango huu una faida kubwa, kwa sababu springi yenyewe imefichwa ndani ya mrija, imezungukwa na grisi.

Udhaifu uko mbele kidogo, pale mikono inapokutana na gurudumu. Kwenye magari ya hadi 1965, gurudumu hugeuka kulia na kushoto juu ya pini nene iliyosimama wima, ambayo mafundi wanaiita kingpini. Pini nyingine mbili zilizolala huiunganisha na mikono ya juu na ya chini. Zote huzunguka ndani ya bushi, na bushi huishi kwa grisi. Grisi ikikosekana, maji na mchanga huingia, bushi inalika, na gurudumu linapata nafasi ya kucheza.

Mzee aliyenipokea gerejini ameshika Beetle tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaniambia, "Marahaba, binti. Usiniambie ugonjwa, tuuone." Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Kisha akaniamuru niingie ndani nikanyage breki, akatikisa tena. Kama mchezo ungetoweka, alisema, kosa lingekuwa kwenye beringi. Haukutoweka. Ilikuwa kingpini.

Fundi mwingine alikuwa ameshatushauri tufunge shokapu mpya ya usukani, kazi ya nusu saa. Nilipomtajia mzee, alicheka. "Hiyo itakunyamazishia mtikisiko tu, mwanangu. Pini itaendelea kulika, na siku itakapoachia, utakuwa wewe ndani."

Kazi ilichukua siku nne. Nati za beringi za gurudumu la kushoto hufunguka kinyume na ulivyozoea, na katikati ya kifuniko chake inapita waya ya spidomita, kwa hiyo asiyejua huvunja vitu viwili kabla hajaanza. Bushi za zamani zilisukumwa nje kwa presi, mpya zikaingizwa, kisha zikachongwa taratibu mpaka pini ikaingia kwa kubanwa na kidole gumba. Washa nyembamba zikagawanywa huku na huku ya mikono ili gurudumu lisimame wima sawasawa. Mwisho ikaja grisi, nayo hupigwa gari likiwa juu ya jeki. Likiwa chini, uzito hubana pini upande mmoja na grisi haifiki panapohitajika.

Kwenye modeli ya 1966 kiwanda kiliachana na kingpini na kuweka boljointi zilizozibwa, zisizohitaji kupigwa grisi. Hayo yalikuwa maendeleo, na mzee hakatai. Mwenye gari alipunguziwa kazi. Lakini boljointi ikiisha, unaing'oa na kununua nyingine; kingpini ikiisha, mwenye mashine ya kuchonga vyuma anaweza kuifufua. Tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa Wolfsburg. Hapa Tanzania ilikuwa na uzito, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na spea zikaadimika pamoja nazo. Mzee anasema miaka hiyo walichonga bushi kutoka kwenye vipande vya shaba nyeusi walivyookota, na gari la zamani likawa na nafuu kuliko jipya.

Mwanahistoria David Edgerton ameandika kwamba historia ya teknolojia inafaa ifuate vitu vinavyotumika na kutunzwa, si vinavyovumbuliwa tu. Joshua Grace ameonyesha, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu magari Tanzania, kwamba gereji zetu zilikuwa mahali pa maarifa. Niliwasoma wote wawili kabla sijamwona mzee akipima bushi kwa kidole gumba. Kipimo kile hakimo kwenye jalada lolote nililowahi kufungua.

Gari la babu sasa linakwenda kilomita 80 kwa saa na usukani umetulia, na baba hazungumzii tena chuma chakavu. Kinachonishughulisha ni vijana watatu wa gereji ile. Wanafunga na kufungua haraka kuliko mzee, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuchonga bushi, kwa kuwa magari wanayoletewa hayana bushi ya kuchonga. Nimeomba kibali cha kumrekodi mzee akifanya kazi nzima, kuanzia jeki hadi grisi. Amekubali, kwa sharti kwamba mshika kamera naye ashike spana.