Upendo wa Jirani Katika Mpaka wa Oraba

Oraba, mji mdogo wa wilaya ya Koboko unaotazamana na Kaya ya Sudan Kusini, umo katika nchi ya Wakakwa, ambao mipaka ya kikoloni iliwagawa kati ya Uganda, Sudan na Kongo bila kuukata undugu wao. Wamishonari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na baadaye ukaenea uamsho wa Balokole, yaani waumini waliookoka, ulioshika kasi Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufundisha kwamba toba haiishii kanisani: aliyeiba jembe alipaswa kulirudisha kwa mwenyewe, na aliyemkosea jirani alipaswa kulitaja kosa hilo mbele yake, jambo lililo gumu kuliko sala ndefu.

Mafundisho hayo yalipimwa vikali mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, aliyekuwa Mkakwa, na kiti chake kikakaliwa na Silvanus Wani, Mkakwa pia, aliyeliongoza kanisa lenye majonzi hadi 1983. Amin alipoangushwa mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile, eneo lenye Koboko na Arua, kwa jumla, wasio na hatia wakiwamo, na maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan, na waliofika Sudan waliishi kati ya watu waliowahi kuhifadhiwa Uganda wakati wa vita vya kusini mwa Sudan, kabla ya mapatano ya amani ya Addis Ababa ya 1972. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, wakimbizi wa Sudan Kusini waliingia tena Uganda kupitia Oraba.