Mwanafunzi wa Hola na safari ya masomo ng'ambo

JINA la Hola lilivuma hadi bunge la Uingereza mwaka wa 1959, baada ya wafungwa 11 kuuawa kwa kipigo katika kambi ya mji huo mnamo Machi 3. Septemba ya mwaka huo huo, ndege ya kwanza iliyoandaliwa na juhudi za marehemu Tom Mboya iliwafikisha New York wanafunzi 81. Kufikia 1963 takriban vijana 800 walikuwa wamesafiri kwa mpango huo, miongoni mwao Wangari Maathai, aliyekwenda Kansas mwaka wa 1960.

Vijana wale walikuwa tayari wamepata nafasi vyuoni. Kikwazo kikubwa kilikuwa nauli. Leo nauli ndiyo iliyo rahisi. Kizingiti kigumu zaidi ni kuthibitisha kwamba familia ina uwezo wa kulipa karo na gharama za maisha, na hapa ndipo mzazi wa Tana River hutatizika kuliko wa Nairobi. Utajiri wa mfugaji wa Kiorma umo zizini, na wa mkulima wa Kipokomo umo kwenye miembe kando ya mto. Afisa wa viza hahesabu ng'ombe. Hutaka kuona taarifa ya benki.

Kwa mfano, Uingereza hutaka fedha hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kupungua. Mzazi anayengoja barua ya chuo ndipo auze mifugo huenda akachelewa, na iwapo ni msimu wa kiangazi atauza kwa bei ya kutupa. Ni heri kuuza mapema, malisho yakiwapo, na kuhifadhi stakabadhi za mauzo ili fedha ziweze kuelezwa zilikotoka. Aidha, nchi hiyo humtaka Mkenya atakayekaa zaidi ya miezi sita apimwe kifua kikuu kwanza.

Marekani nayo haitoi viza ya mwanafunzi bila fomu ya I-20, ambayo hutolewa na chuo chenyewe. Nchini Kanada, chuo lazima kiwe na idhini ya serikali ya kupokea wageni, na orodha ya vyuo hivyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Kuitazama ni kazi ya dakika chache, na humwepusha mtu na wakala laghai.

Hata jina la serikali si kinga tosha. Katika mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu uliozua maandamano mwaka wa 2023, wazazi walilipa mamilioni ili watoto wao waende Finland na Kanada. Wengi hawakusafiri, na baadhi ya waliofika Finland walijipata taabani kwa kuwa karo haikuwa imefika vyuoni. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na risiti itoke huko.

Nafasi zinazofadhiliwa na serikali za China, India na Hungary hutangazwa kupitia Wizara ya Elimu, na tangazo halali halidai ada ya "kuharakisha".

Atakayesomea udaktari aulize jambo moja zaidi kabla ya kuuza chochote: baraza la madaktari, KMPDC, humtaka aliyehitimu ng'ambo afanye mtihani kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi nchini.