Kazi Huanzia Kijijini

Huenda nawe, msomaji, umekwisha kujiuliza utafanya nini siku utakapoliaga darasa. Swali hilo si geni. Baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963, vijana waliomaliza shule za msingi walikuwa wengi kuliko nafasi za shule za sekondari. Wengi walishika njia ya mjini, wakaikuta milango ya kazi imefungwa.

Mwaka 1966 baraza la makanisa ya Kikristo nchini lilitoa taarifa juu ya shida hiyo, likapendekeza dawa yake: vyuo vidogo vya ufundi huko huko vijijini. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, vichache vilikwisha kufunguliwa kwa majaribio.

Angalia jinsi mzigo ulivyogawanywa. Wanakijiji walijenga kwa Harambee, na kamati yao ikasimamia; makanisa yakaleta fedha na mashauri; kisha, tangu mwaka 1971, serikali nayo ikatia mkono kwa misaada yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini umoja peke yake hautoshi. Kanuni ya vyuo hivyo ilikuwa kutazama kwanza kazi inayotakiwa na watu wa mahali hapo, ndipo ifundishwe. Penye nyumba za kujengwa, vijana wajifunze uashi na useremala. Penye haja ya nguo, wajifunze kushona. Tena mafunzo yabadilike, maana kijiji kikijaa maseremala, seremala mpya hana wa kumwuzia kiti.

Hapo ndipo ugumu ulipotokea. Wazazi na vijana walitaka vyeti vya ufundi vya serikali. Hawakukosea, kwa kuwa mwajiri asiyekujua huamini cheti. Hata hivyo, chuo kinachofundisha kwa ajili ya mtihani tu hukisahau kijiji kilichokizaa, na wahitimu wake hurudi katika njia ile ile ya mjini.

Katiba ya mwaka 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijiji mikononi mwa serikali za kaunti. Basi, ukisikia kwamba chuo kipya kinafunguliwa kwenu, usianze kwa kuuliza ukubwa wa majengo yake. Uliza hivi: ni nani atakayeinunua kazi ya mikono ya vijana hawa?