Kibao cha Shingoni

Nilipozuru Cardiff, mji mkuu wa Welisi, niliishuhudia jukwaani bendi ya Adwaith katika ukumbi wa Clwb Ifor Bach. Ni wanawake watatu wapigao roki, na lugha ya nyimbo zao ni Kiwelisi.

Jina la ukumbi lina historia. Ifor Bach, yaani Ifor Mfupi, ndiye bwana wa Kiwelisi aliyeparamia kuta za ngome ya Cardiff mwaka 1158, akamteka mtawala Mnormandi pamoja na mkewe na mwanawe, asiwaachie hadi aliporudishiwa ardhi yake. Ngome hiyo i hatua chache tu kutoka ukumbini.

Karne saba baadaye, kilichonyang'anywa kilikuwa ulimi. Katika baadhi ya shule za Welisi, mtoto aliyenena Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, kama zilivyofanya shule kadhaa za Kenya kwa lugha za mama. Mwaka 1983 ukumbi huu ulifunguliwa ili Kiwelisi kipate mahali pa kustarehe.

Usiku ule vijana waliimba kwa sauti kuu, wala sikuona aliyeimba kwa kutimiza wajibu. Adwaith wametwaa Tuzo ya Muziki ya Welisi mara mbili, 2019 na 2022, kwa albamu za Kiwelisi.

Nasi tunaolinda vina na mizani, tujiulize: kijana anayetaka kupaza mapenzi na hasira zake kwa Kiswahili tunampa jukwaa, au kwa kumcheka lafudhi na sarufi tunamvisha kibao kingine?