Bustani ya Changarawe ya Elmstead Market

Katika Uingereza ya karne ya 19, hasa baada ya kufutwa ushuru wa kioo mwaka 1845 na nyumba za vioo kuwa nyepesi kujengwa, ilikuwa desturi ya wenye nafasi kuzipamba bustani za mbele ya nyumba zao kwa maua ya msimu mmoja, yaliyokuzwa chini ya vioo, yakapangwa nje kwa safu mwanzo wa kiangazi, kisha yakang'olewa na kutupwa baridi iingiapo. Aliyeipinga desturi hiyo kwa ukali ni William Robinson, mzaliwa wa Ireland, ambaye katika kitabu chake The Wild Garden cha mwaka 1870 aliitetea mimea ya kudumu, ile ambayo aghalabu majani yake hufa wakati wa baridi ilhali mizizi ingali hai ardhini. Rai yake ilienea. Walakini wenye bustani wengi waliendelea kutegemea udongo mnono na maji ya mpira.

Suala hilo la maji lilimngoja mtunza bustani Beth Chatto. Mwaka 1960 yeye na mumewe Andrew, mkulima wa matunda, walijenga nyumba katika sehemu ya shamba lao iliyohesabiwa kuwa haifai kitu, karibu na kijiji cha Elmstead Market, Essex, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 500, yaani haizidi ile ya Dodoma. Andrew alikuwa ameutumia umri wake akidurusu mimea hutoka wapi duniani na huishi vipi katika makwao. Mkewe akaitwaa ilimu hiyo akaifanya kazi ya mikono, na mwaka 1967 akafungua kitalu cha kuuza miche.

Katika majira ya baridi ya 1991 na 1992 aliuelekea uwanja wa kuegeshea magari ya wateja wake ili aufanye bustani, uwanja wa mchanga na changarawe tupu, uliokandamizwa na magurudumu miaka mingi. Ardhi ilipasuliwa kwa trekta, ikatiwa mboji. Kisha akatandaza mipira ya maji juu yake, akiipinda huku na huku mpaka ikachora mkondo wa mto uliokauka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yake. Miche ilizamishwa ndooni kabla ya kupandwa hata mizizi ikashiba, na juu ya udongo ikamwagwa changarawe, ambayo huzuia unyevu usitoroke na magugu yasiote kwa wingi. Mimea ilipokwisha kushika, haikunyweshwa tena, hata katika ukame. Humo mna lavenda, verbascum, na nyasi za Stipa gigantea ambazo masuke yake ya dhahabu hupita kimo cha mtu; mna na Stachys, ambayo jani lake ukilishika utahisi manyoya ya kijivu mororo, na manyoya hayo ndiyo yalikingayo jani na jua na upepo.

Wengi huyasifu maua yale. Mimi nausifu zaidi msimamo wa bibi yule, kwamba mmea usioweza kuishi kwa mvua ya mahali pale hauna haki ya nafasi pale, hata uwe mzuri namna gani; kwani kabla yake ni wachache mno waliothubutu kuishika kanuni hiyo mbele ya macho ya wateja.

Wakati huohuo, bustani nyingi za mbele mijini zilikuwa zikifunikwa kwa saruji ili magari yapate pa kulala, na mvua ikikosa pa kuzama hukimbilia mitaroni. Tangu Oktoba 2008, katika England, atakaye kusakifu zaidi ya mita 5 za mraba za bustani yake ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji, bila kuyapatia maji hayo pa kuzama, sharti aombe kibali. Changarawe haimo katika sharti hilo.

Beth Chatto alifariki Mei 2018, na umri wake miaka 94. Basi atakaye kumfuata asitangulie kununua changarawe: aufukue kwanza udongo wa mlangoni pake, aijue mvua yake, kisha ndipo aende kitaluni.